Chakula Kisichongoja

Miongoni mwa mapishi yote ambayo viwanda vya nchi za magharibi vimeyatia katika trei za plastiki na kuyauza yakiwa tayari, yakingoja tu moto wa dakika chache nyumbani kwa mnunuzi, hapana linalostahili kuchunguzwa zaidi ya kuku wa kukaangwa kwa namna ya Kichina, yaani vipande vya kidari vilivyochanganywa na mboga za rangi mbalimbali katika sosi ya soya. Kustahili kwake hakutokani na utamu wake wala uchapwa wake, bali kunatokana na hitilafu iliyomo katika wazo lenyewe: pishi hili kwa asili yake limesimama juu ya haraka, ilhali biashara ya chakula cha kupashwa imesimama juu ya subira. Mambo mawili yenye tabia zinazokinzana namna hii yanapotiwa katika chombo kimoja, hapana budi moja lilishinde jingine. Na kusudi la uchambuzi huu ni kutazama lipi limeshinda, kwa hila gani, na mnunuzi aliyetoa fedha zake amepata nini.

Katika majiko ya jimbo la Guangdong, kusini mwa China, karai la chuma huwekwa juu ya moto mkali hata likaanza kufuka moshi. Mafuta humiminwa na kuzungushwa. Tangawizi na thomu hutupwa humo na kupinduliwa mara moja au mbili, vikafuatwa na nyama iliyokatwa vipande vyembamba na kulowekwa katika sosi ya soya, divai ya mchele kidogo na wanga. Nyama ikibadilika rangi huepuliwa kabla haijaiva sawasawa, mboga huingia kwa zamu, ngumu mbele na laini nyuma, kisha nyama hurejeshwa, na sosi humwagwa kandokando ya karai ili iungue kidogo kabla ya kukigusa chakula. Kazi yote hiyo, tangu mafuta hata sahani, aghalabu haifiki dakika tano, na mpishi huwa ametumia muda mrefu zaidi kwenye ubao wa kukatia kuliko mbele ya moto. Bibi Buwei Yang Chao, tabibu wa Kichina aliyehamia Marekani, alipowaeleza wasomaji wa huko njia hii katika kitabu chake cha upishi cha mwaka 1945, aliipambanua kwa masharti yake, na katika masharti hayo ukali wa moto na wepesi wa mkono vilitangulia.

Sababu ya masharti hayo ni ya kimaumbile. Nyama ikigusa chuma chenye joto linalozidi nyuzi 140 hivi, protini na sukari zilizomo huungana na kuzaa rangi ya kahawia na mamia ya harufu nzuri, jambo ambalo Louis Camille Maillard, mwanakemia wa Kifaransa, alilieleza mwaka 1912 na ambalo hadi leo linaitwa kwa jina lake. Joto hilo halipatikani mahali penye maji, kwa kuwa maji huchemka kwenye nyuzi 100 na kukibakiza chakula hapo hapo mpaka yakauke. Ndiyo maana mpishi hupika kidogo kidogo, hurusha chakula hewani ili mvuke utoke, na huuacha ulimi wa moto ulambe matone ya mafuta yanayoruka ukingoni mwa karai. Harufu inayozaliwa na vurugu hiyo, ile ya moshi mwepesi na chuma cha moto, Wakantoni wa Guangdong huiita wok hei, nao hudai kwamba chakula kikikaa mezani kwa muda wa mazungumzo mafupi tu imekwisha kutoweka. Sioni kwamba wanatia chumvi.

Msomaji wa pwani ya Afrika ya Mashariki hana haja ya kufundishwa jambo hili, kwani amelijua tangu utotoni kwa kiporo. Mbaazi za nazi zilizolala usiku mmoja huliwa asubuhi kwa mahamri, na watu wakazisifu kuliko zilipotoka jikoni. Maharage, mchuzi wa nyama ya ng'ombe, hata pilau, vikipashwa taratibu havipungukiwi kitu, na vingine huzidi, kwa kuwa viungo vimepata wasaa wa kuingia ndani ya nyama na mafuta, na kano ngumu zimekwisha kuyeyuka zikauongezea mchuzi uzito. Lakini samaki wa kukaanga wa jana, bajia za jana na chipsi za jana mtu huzila kwa njaa au kwa kuogopa israfu. Kundi la kwanza hungoja bila madhara; la pili halingoji asilani. Kuku wa karai la Kichina yumo katika kundi la pili, tena yumo safu ya mbele.

Wenye biashara walilitambua hilo mapema kuliko tunavyodhani. Mwaka 1922, mjini Detroit, Wally Smith aliyekuwa na duka la vyakula alishirikiana na Ilhan New, Mkorea aliyesoma naye Chuo Kikuu cha Michigan, wakaanza kuuza machipukizi ya maharage kwa jina la La Choy. Na katika miaka ya 1940, katika mji wa baridi wa Duluth huko Minnesota, Jeno Paulucci, mwana wa wahamiaji wa Kiitalia, akaanzisha Chun King na kuuza milo ya Kichina ya mikebe kwa Wamarekani ambao wengi wao hawakupata kumwona Mchina akipika. Mkorea, Mmarekani na Mwitalia ndio waliotangulia kuupeleka mlo wa Kichina kwenye rafu za maduka, na humo mna kichekesho cha kutosha. Lakini lililo muhimu kwa shauri letu ni hila ya Paulucci: aliuza mikebe miwili iliyofungwa pamoja, mmoja una nyama na sosi, wa pili una mboga, ili vikutane ndani ya sufuria ya mnunuzi. Katika mikebe hiyo naona ukiri ulio wazi kuliko tangazo lolote lililofuata, kwamba mboga na sosi zikikaa pamoja zinaharibiana, na kwamba kiwanda hakikuwa na dawa ya kuzipatanisha.

Dawa iliyotarajiwa ilikuwa baridi. Clarence Birdseye, Mmarekani aliyeishi Labrador kati ya mwaka 1912 na 1915, aliona huko kwamba samaki aliyegandishwa papo hapo na upepo mkali hubaki na ladha ya samaki mbichi, kwa sababu maji yanayoganda kwa haraka hufanya chembe ndogo za barafu zisizoipasua nyama. Akabuni mitambo ya kuiga upepo huo, na mwezi wa Machi 1930 vyakula vilivyogandishwa kwa njia yake vikaanza kuuzwa madukani Springfield, Massachusetts. Katikati ya miaka ya 1950 kampuni ya Swanson ya Omaha ikatia nyama ya batamzinga, mchuzi, njegere na viazi vitamu katika trei ya alumini, ikaiuza kwa senti 98, na Wamarekani wakainunua kwa mamilioni. Tanuri la mawimbi, yaani maikrowevu, lilizaliwa mbali na jiko, kwa Percy Spencer, fundi wa rada katika kampuni ya Raytheon, ambaye mwaka 1945 aligundua kuwa mtambo uliokuwa mbele yake umeyeyusha kitu kitamu kilichokuwa mfukoni mwake. Lakini maikrowevu ya kuweka juu ya meza ya jikoni haikuingia sokoni mpaka mwaka 1967, kwa dola 495. Uingereza nayo ilifuata njia yake, ikapenda zaidi chakula kilichopozwa pasipo kugandishwa, chenye umri wa siku chache badala ya miezi, na wanahistoria wa biashara hiyo huhesabu mwanzo wake tangu kuku wa Kiev aliyeuzwa na Marks & Spencer mwaka 1979.

Mtu akivitazama vyakula hivyo vya mwanzo atakuta kwamba vingi ni vya jamii ya mchuzi: batamzinga katika mchuzi wake, nyama na maandazi ya unga, na baadaye, huko Uingereza, kuku wa masala na wa korma ambao ndio waliozitajirisha rafu za baridi. Vyote ni vyakula vya kungoja. Kuku wa karai aliingia baadaye, naye hakuingizwa kwa kuwa anafaa kungoja, bali aliingizwa kwa sifa zake njema, maana watu walikuwa wameanza kuogopa mafuta na kuhesabu kalori, na mwaka 1981 Stouffer's ya Marekani ilikuwa imekwisha toa mfululizo wa milo iliyoahidi kutozidi kalori 300. Katika hali hiyo, chakula chenye mboga za kijani na nyekundu, nyama nyeupe na mafuta haba kilionekana kama kimeumbwa makusudi kwa ajili ya picha ya juu ya boksi. Sifa nzuri ilikitangulia chakula sokoni, na kiwanda kikabaki na kazi ya kukifanya chakula kifanane na sifa.

Kazi hiyo si ndogo, na insafu yataka isemwe kwamba wanaoifanya ni watu wenye maarifa. Kuku hawezi kuachwa nusu mbichi kama anavyofanya mpishi wa Guangdong. Sharti aive kabisa kiwandani, kwenye mkanda unaopita ndani ya tanuri la mvuke au hewa ya moto, kisha apozwe, na nyumbani apashwe tena mpaka kati yake pafike nyuzi 70 na kuendelea. Ameivishwa mara mbili, naye ni kidari, nyama isiyo na mafuta ya kuikinga. Kwa hiyo kabla ya yote hudungwa maji yenye chumvi, na mara nyingi fosfati na wanga, ili maji yale yasimtoroke. Fosfati ina kazi ya pili isiyotajwa kwenye boksi. Mafuta laini yaliyomo katika nyama iliyokwisha pikwa huanza kuharibika kwa hewa saa chache tu baada ya kupoa, yakatoa ile harufu ya makaratasi ambayo kila aliyepasha kuku wa jana anaijua, na fosfati huuchelewesha uharibifu huo, ingawa haiukomeshi. Mboga hutumbukizwa kwanza katika maji ya moto ili kuzuia mabadiliko ya rangi na ladha, kisha hugandishwa, na hata ugandishaji uwe wa haraka namna gani, barafu huchana kuta za ndani ya mboga: karoti na brokoli hujikaza kidogo, pilipili hoho hulegea, na machipukizi huwa kama nyuzi zilizolowa. Mboga moja hushinda mtihani wote, nayo ni kile kiazi kidogo cha duara ambacho Wachina hukipanda katika matope ya majini. Kuta zake zimefungamana kwa namna isiyoyeyuka kwa kupikwa, kwa hiyo hata kikitoka katika mkebe bado hulia menoni. Atakayeona vipande vyake vyeupe ndani ya trei na afurahi.

Hila kubwa kabisa, hata hivyo, imo katika sosi. Wanga wa kawaida wa mahindi ukigandishwa na kuyeyushwa hutengana na maji yake, sosi ikabaki mabonge katikati ya dimbwi. Kwa sababu hiyo viwanda hutumia wanga uliogeuzwa kwa kemia, ambao hustahimili baridi na moto bila kuachia maji. Sosi hiyo nzito, yenye kung'aa, tamu na ya chumvi, ndiyo inayobeba trei nzima, maana hufunika ukavu wa nyama, hufunika harufu ya kupashwa, na hukipa kila kipande ladha moja ile ile. Mkaangaji wa Kichina hutia sosi kiasi cha kukipaka chakula. Kiwanda hutia kiasi cha kukiogesha, nacho hakina hiari.

Ili nisihukumu kwa nadharia, nilinunua boksi la namna hiyo katika duka la halali mjini Leicester, nikalichunguza jikoni kwa ndugu zangu. Ndani ya boksi mlikuwa na trei nyeusi yenye vyumba viwili, kimoja cha wali na kimoja cha kuku, imefunikwa karatasi laini ya plastiki ambayo maelekezo yalitaka itobolewe kwa uma, chakula kipashwe, kikorogwe katikati ya muda, kirudishwe, kisha kiachwe kitulie kabla ya kuliwa. Maelekezo hayo si adabu tupu. Mawimbi ya maikrowevu hupokewa na maji yaliyoyeyuka vizuri zaidi kuliko na barafu, kwa hiyo mahali palipotangulia kuyeyuka huchemka ilhali pembeni yake bado pameganda, na kukoroga pamoja na kutulia ndiyo njia ya kugawanya joto. Anayepuuza huunguza ulimi kwa tonge moja na kutafuna barafu kwa jingine. Nusu niliipasha kama nilivyoagizwa, nusu nikaitia kwenye kikaango cha chuma kilichokwisha pata moto, ili kuona kama moto wa kweli utakirudishia chakula kile kilichopotea.

Ya maikrowevu ilitoka na mvuke mwingi wenye harufu ya tangawizi, na kwa tonge la kwanza niliridhika kuliko nilivyotazamia, kwa kuwa sosi ilikuwa imepimwa na mtu anayejua kazi yake. Tonge la tatu ndilo lililofichua mambo. Vipande vya kuku vilikuwa na ukubwa sawa na pembe sawa, laini kwa namna ya sifongo, vikibonyea pasipo kuachana nyuzi. Hoho nyekundu ilikuwa na rangi yake yote lakini haina mlio. Maharage machanga yalitoa maji yalipobanwa. Na hakuna mahali popote katika trei pale palipokuwa pamegusa chuma, wala doa la kahawia, wala ukingo ulioungua. Wali, kinyume chake, ulikuwa mzuri, umechambuka, kwa sababu wali ni chakula cha kungoja. Ile ya kikaangoni ilitia tamaa kwa sekunde chache, ikachachatika, kisha wanga wa sosi ukashika chini, ukawa utando wa kunata, na mboga zilizokwisha legea zikazidi kulegea. Moto haukuwa na la kukaanga, maana kila kitu kilikuwa kimekwisha vaa sosi yake kiwandani. Ndugu zangu, watu wa zamu za usiku ghalani, walikula bila ya malalamiko na kuniuliza kwa nini nachambua chakula cha saa nane za usiku kama kadhi anayesikiliza daawa.

Swali lao lilikuwa la haki, nalo linatuelekeza kwenye hesabu ya mnunuzi. Atokaye kazini usiku hafananishi trei na karai la Guangdong. Hufananisha na mkate na chai, au na chipsi za njiani, na katika mashindano hayo trei yenye mboga haijafedheheka. Tena hanunui ladha peke yake: hununua kutokukata vitunguu, kutokuosha kikaango, na kutokuamsha watoto kwa moshi katika nyumba isiyo na ua. Gharama yake iliyojificha imo katika chumvi. Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, na sosi ya soya ndiyo nguzo ya pishi hili. Kwa hiyo si ajabu trei moja kubeba sehemu nzito ya kiasi hicho, na huko Uingereza, ambako maboksi mengi huonyesha rangi nyekundu, njano au kijani mbele yake, mlo ukizidi gramu 1.8 za chumvi hupewa nyekundu. Watu wengi hutazama picha ya brokoli, na rangi ile iliyo chini yake hawaitazami.

Kwa Waislamu miongoni mwa wasemao Kiswahili, waliotapakaa Leicester, London, Toronto na Minneapolis, lipo shauri la pili lisilohusu kuchinja peke yake. Kuku wa duka la kawaida ana mjadala wake unaojulikana, na vyombo vya kutoa muhuri wa halali huko Uingereza vyenyewe havikubaliani kuhusu kumzimisha mnyama fahamu kwa umeme kabla ya kisu. Lakini hata aliyeridhika na kuku hana budi kusoma habari za sosi, kwa kuwa divai ya mchele ni kiungo cha asili cha pishi hili, na dhana kwamba moto huiondoa pombe yote si sahihi, hasa kwa chakula kinachopikwa muda mfupi. Boksi nililonunua lilitumia siki ya mchele badala yake, na sikuona kwamba ladha imepungukiwa.

Kati ya trei na karai ipo bidhaa ya tatu ambayo kwa rai yangu inastahili kusemwa vizuri zaidi kuliko inavyosemwa, nayo ni mfuko. Kuna mfuko wa mboga mbichi zilizokatwa, unaouzwa katika rafu za baridi pamoja na pakiti ya sosi na kuku mbichi kando. Na kuna mfuko wa vitu vilivyogandishwa kila kipande peke yake, na sosi imefungwa mbali, vya kutupwa kwenye kikaango cha moto. Humchukua mpikaji dakika kumi hivi badala ya zile chache za trei, na humwachia kikaango cha kuosha, lakini nyama hupata kugusa chuma na sosi huja mwisho. Ndiyo ile mikebe miwili ya Duluth imerudi kwa nguo mpya. Kila biashara hii inapoukaribia utamu wa kweli wa pishi hili hujikuta ikimrudishia mnunuzi kazi aliyolipa ili aikwepe, na sidhani kuna kemia itakayolivunja fundo hilo, kwa kuwa kinachotafutwa hapa hakihifadhiki.

Basi mwenye jiko na dakika kumi na achukue mfuko, autie kidogo kidogo katika kikaango kilichopata moto sawasawa, asiumwage wote kwa mara moja ukageuka supu. Asiye na kitu ila maikrowevu ya mahali pa kazi afadhali achukue trei ya kuku wa masala, ambaye kungoja hakumdhuru. Na aliyekwisha nunua trei ya Kichina, au aliyeletewa na mwenyeji wake, aipashe kwa maikrowevu kama ilivyoandikwa, aache kikaango mahali pake, kisha juu yake akamulie ndimu na kukatia majani mabichi ya kitunguu na pilipili mbichi, maana ubichi ndio kitu pekee ambacho kiwanda hakikuweza kutia na ambacho mtu anaweza kukiongeza bila moto.